Mteja ameandika seekh, shami na galawati. Mimi najua kababu za kukaanga tu. Zimetoka wapi na zinatofautianaje?

MdadaWaNkuhungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wikiendi. Napika chakula cha shughuli hapa Dodoma. Siyo mkubwa kivile: harusi ndogo, vikao, misiba, semina zikipatikana. Pilau, kuku, ndizi nyama, huko sina wasiwasi.

Sasa nimepata oda ya mzee mmoja wa Kihindi anayemwoza binti yake. Hafla ya jioni, nje, wageni 80. Kanipa karatasi ina mwandiko mzuri kabisa: seekh kabab, shami kabab, na chini kaongeza "galawati, kama unaweza". Nikamwambia kababu nazijua, nikampelekea za kuonja. Zangu ni nyama ya kusaga, mkate uliolowekwa na kukamuliwa, yai, kitunguu, giligilani, tangawizi, pilipili mbichi, naviringa, nachovya kwenye yai, nakaanga. Mzee akala mbili, akafuta vidole, akasema, "Tamu sana mama, lakini siyo nilizokuandikia."

Nikarudi nyumbani nikajaribu ile ya kwenye chuma. Nimechukua nyama hiyo hiyo nikaongeza papai bichi ili ilainike, nikabandika kwenye spoku za baiskeli kama tunavyofanya mishkaki. Ile nimeweka tu jikoni, nyama ikaanza kuzunguka peke yake, mara pwaa, ipo kwenye mkaa. Watoto wamecheka mpaka machozi.

Naomba wanaojua wanisaidie: hizi kababu tatu tofauti yake ni nini hasa, zimetoka wapi, na je, kwa nyama yetu ya hapa zinawezekana? Nataka nikirudi kwa mzee niongee naye nikiwa najua ninachosema.

---

Kizota_Kwetu

Mwambie mishkaki na ndizi za kuchoma, atasahau karatasi yake. Natania dada. Ngoja waje wajuzi, mimi nimekaa paleee kwenye kona nasubiri.

Ila nina nyongeza. Ofisini tumebishana mpaka chai ikapoa: kababu ni za Wahindi, za Waarabu au za Waturuki? Mwenye jibu alete.

---

MpishiMstaafu_Makole

Mwanangu, shika hiyo oda. Mteja anayekuandikia majina ni mteja mzuri. Wa kumwogopa ni yule anayesema "wewe pika tu chochote", halafu siku ya siku anakunja uso.

Nimepika Dar miaka mingi, Upanga, chini ya fundi wa Lucknow, mji wa kaskazini mwa India. Mtu wa maneno machache na mwiko mzito. Sasa nimestaafu nipo zangu Makole, nachomea wajukuu, kwa hiyo muda wa kuandika ninao.

Nianze na Kizota maana ubishi wa ofisini hauishi. Nyama kwenye kijiti juu ya moto haina mwenyewe. Kule kusini mwa India kulikuwa na mfalme, Someshvara wa Tatu, ambaye karibu na mwaka 1130 aliandikisha kitabu kikubwa cha mambo ya ikulu, Manasollasa, na kwenye sehemu ya chakula mna nyama ya kuchoma kwenye vijiti. Usultani wa Delhi, utawala wa Kiislamu wa kaskazini, ulikuwa haujazaliwa, umeanza 1206. Kwa hiyo kuchoma walikuwa wanachoma. Waturuki, Waafghani na Waajemi walipokuja kutawala kaskazini ndipo jina la kababu likakaa, pamoja na mambo yao: mtindi kwenye nyama, kusaga nyama na mafuta ya mkia wa kondoo, lozi, zafarani, na wapishi wa ikulu ambao kazi yao ni kushindana.

Watu wanapenda kusema kababu zililetwa na Wamughali, ukoo wa kifalme uliotawala India baadaye. Hapo wanawaongezea sifa. Babur, Mmughali wa kwanza, kaichukua Delhi 1526. Yule msafiri Ibn Battuta, ambaye sisi tunamkumbuka kwa kufika Kilwa 1331, alikwenda Delhi miaka michache baadaye, akakuta mezani kwa sultani nyama za kuchoma na sambusa zenye nyama ya kusaga, lozi, jozi na pistachio. Hiyo ni karibu miaka 200 kabla ya Babur. Wamughali walikuta jiko linawaka, wakaongeza kuni. Kawaambie ofisini wagawane ushindi.

Sasa wewe, dada. Kababu yako usiionee haya. Ina ukoo, ila ukoo wake siyo wa Lucknow. Wahindi waliofungua maduka kufuata reli ya kati, hapa Dodoma, Tabora, mpaka Kigoma ambako reli ilifika 1914, wengi wao kwao ni Kutch, Kathiawar na Gujarat, magharibi mwa India. Kababu ya nyumbani kwao ndiyo hiyo: nyama ya kusaga, mkate, kotmiri, pilipili mbichi, limau, kwenye mafuta. Pwani wakaiviringa kidogo, bara tukaiviringa kubwa, na wengine tukafichia yai la kuchemsha ndani. Mzee wako kaandika ya kaskazini. Huenda mkwe anatoka huko, huenda kaila safarini ikamkaa moyoni. Muulize, wazee wanapenda kuulizwa.

Fundi wangu alikuwa anasema kwanza jiulize nyama inashikwa na nini. Ukilijua hilo umezijua kababu zote, hata ambazo hujawahi kuziona.

Seekh inashikwa na nyama yenyewe. Hakuna mkate, hakuna yai. Ndiyo maana yako imedondoka, na ilikuwa lazima idondoke. Yai limeilegeza. Kitunguu kimetoa maji. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama, yaani limekata kile kile kilichotakiwa kuishika. Na spoku ni nyembamba ya mviringo. Ukigeuza chuma, nyama inabaki imekutazama vile vile.

Fanya hivi. Nyama ya paja, kilo nne, na mafuta kilo moja, visagwe pamoja mara mbili. Usikubali bucha akusagie kwenye mashine ambayo haijafutwa, utasagiwa mifupa ya mtu wa jana. Kitunguu kikune, funga kwenye kitambaa, kamua mpaka mkono uume, hayo maji kapikie mchuzi. Tangawizi na thomu vitwangwe bila maji. Pilipili mbichi, giligilani kavu na bizari nyembamba ukaange pakavu ndipo utwange, pilipili manga, kotmiri iliyokaushwa maji. Chumvi weka mapema, tia viungo, kisha kanda. Siyo kuchanganya, kanda, kwa kiganja, ukisukuma chini ya sufuria, mpaka rangi ipauke kidogo na nyama ianze kunata. Kipimo chake: chukua donge, libandike kwenye kiganja, geuza kiganja kitazame sakafuni. Likidondoka, endelea kukanda. Likishika, ingiza friji masaa mawili matatu. Mafuta yakiwa baridi yanakaa ndani. Yakilainika yanachuruzika kwenye mkaa na moto unakurukia.

Chuma nenda kwa fundi wa kuchomelea, akukatie chuma bapa, upana wa kidole, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Lowesha kiganja, bandika nyama nyembamba, bana ncha zote mbili kwa nguvu. Usiweke wavu. Panga matofali pande mbili, vyuma vikae juu yake, nyama ining'inie isiguse kitu. Mkaa uwe umeiva, mwekundu wenye majivu, bila ndimi za moto. Na ukishaweka, tulia. Upande wa chini ukishashika ndipo unageuza. Wanaohangaika kugeuza geuza ndio wanaolisha mkaa.

Upepo wa Dodoma unaujua. Ziba kwa mabati upande unaotoka, la sivyo upande mmoja mkaa, upande mmoja damu.

Shami ni habari nyingine, na kwa watu 80 hii ndiyo mkombozi wako. Inashikwa na dengu. Nyama isiyo na mafuta kilo moja, dengu zilizopasuliwa zisizo na ganda robo kilo, umeziloweka. Vyote kwenye sufuria moja na tangawizi, thomu, pilipili nyekundu kavu, mdalasini, karafuu chache, iliki, pilipili manga. Maji kiasi cha kufunika tu. Chemsha mpaka nyama inachambuka, kisha funua ukaushe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona imeiva, wanaepua, na chini kuna maji. Kausha mpaka sufuria ianze kulia chini, uwe unasukuma na mwiko. Toa vijiti vya mdalasini, kisha twanga kwenye kinu. Mashine inafanya uji, kinu kinaacha nyuzi nyuzi, na hizo nyuzi ndizo shami. Tia yai, chumvi, tengeneza viduara bapa, katikati ficha kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo sana, nanaa na pilipili mbichi. Chovya kwenye yai, kaanga kwa mafuta machache, siyo kuzamisha.

Uzuri wake, unazitengeneza jana yake, zinalala kwenye friji, jioni unakaanga tu. Nyama imeshaiva, hakuna mgeni atakayekutwa na mbichi ndani.

Galawati nitakueleza ukitaka, lakini ushauri wangu ni usiifanye. Karatasi imesema "kama unaweza". Mjibu siwezi, atakuheshimu.

---

AliyesomaHyderabad

Shikamoo mzee wa Makole, darasa zuri. Nina mawili matatu ya kuongeza, na moja la kubishana.

La kwanza, kabla ya kununua nyama: dada, umemuuliza mzee wageni wake ni akina nani? Kama kuna Wahindu, ng'ombe hapana, hata kwa harufu. Kama kuna Waislamu, lazima mchinjaji awe Mwislamu. Na katika wageni 80 wa Kihindi hawatakosa wasiokula nyama kabisa, wengine hata yai. Mimi nimeishi hosteli na watu kama hao, hawakubali kitu chao kikaangwe kwenye mafuta yaliyokaanga nyama. Wana haki yao.

La pili, mzee kasema ya Lucknow tu, lakini Hyderabad, kusini mwa India, nako kuna mambo. Kuna ile wanachoma juu ya jiwe. Bamba la mawe magumu kama haya ya milima yetu linawekwa juu ya mkaa mpaka linawaka, kisha vipande vyembamba vya nyama ya mbuzi au kondoo vinalazwa juu. Kuna shikampuri, ni ndugu wa shami, ila tumboni inafichwa mtindi mzito uliochujwa na nanaa. Ukiuma unakutana na ubaridi. Kwa mbali naona ndiyo kababu nzuri kuliko zote na sitabadilisha mawazo.

La ubishi ni galawati. Nilisafiri kwa treni mpaka Lucknow likizo, nikaenda pale Tunday Kababi, mahali panapojulikana na kila dereva wa bajaji. Wameanza 1905, mwanzilishi alikuwa Haji Murad Ali, mtu wa mkono mmoja, na ukoo wake unasema viungo ni zaidi ya mia na hawavitaji. Unapewa bapa dogo, jeusi jeusi pembeni, na mkate laini wa samli. Huitafuni. Unaibana kwa ulimi inaisha. Mzee, unamnyimaje bwana harusi kitu kama hicho?

---

MpishiMstaafu_Makole

Marahaba kijana. La wageni umesema la maana, na ndilo lingempeleka dada pabaya kuliko yote.

La galawati sikubali. Ngoja niwaeleze ilivyo, mtaona wenyewe.

Nawabu, yaani mtawala, Asaf-ud-Daula alihamishia makao ya dola ya Awadh kutoka Faizabad kwenda Lucknow mwaka 1775, na wapishi wakamfuata. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba alikuwepo nawabu kibogoyo ambaye hakutaka kuacha nyama, ikulu ikatafuta kababu isiyohitaji meno. Hadithi za ikulu mimi nazisikiliza tu, sizitii saini. Lakini mji ule ulikuwa na pesa na muda, na kababu ile inahitaji vyote viwili.

Nyama inasagwa mara nne au tano, kila mshipa umeondolewa kwa kisu. Inapakwa papai bichi lililotwangwa na ganda lake, inakaa mpaka inakuwa kama rojo. Unatia unga wa dengu uliokaangwa pakavu, kitunguu kilichokaangwa kikawa kahawia kikasagwa, basibasi, kungumanga, iliki, samli. Halafu moshi: bakuli dogo katikati ya nyama, kaa la moto ndani yake, samli juu ya kaa, funika haraka. Baada ya hapo hakuna kinachoishika zaidi ya huo unga kidogo na mkono wa mpishi. Inawekwa kwenye sinia zito la chuma la kukaangia, lenye mteremko, moto mdogo. Ukigeuza mapema inavunjika. Ukichelewa inaungua. Hapo umesimama na moja. Sasa mara 80, nje, usiku, na upepo, na MC anauliza chakula kiko wapi.

Fundi wangu alizaliwa nayo na bado siku ya galawati alikuwa hasemeshwi.

Hata ile ya Kakori, mji mdogo jirani na Lucknow, ni seekh lakini laini mno, ina papai na unga wa dengu, inabandikwa kwenye chuma kwa ncha za vidole. Nimeona watu wazima na uzoefu wao inawadondokea.

Ukitaka kababu ya kishujaa isiyohitaji unyenyekevu, ni ya Peshawar, Pakistan, inaitwa chapli. Wenyewe ni Wapashtuni. Nyama imesagwa mara moja tu, vipande vinaonekana, nyanya, kitunguu, giligilani iliyopondwa nusu, mbegu kavu za komamanga, unga wa mahindi wa kushikia, kisha bapa kubwa kuliko kiganja, linakaangwa kwenye karai pana la mafuta ya mnyama. Chapli ni ya watu wa mifugo na ukame, yaani watu kama sisi. Mgogo akiila hatauliza imetoka wapi. Ila kwa kawaida ni ya ng'ombe, kwa hiyo subiri jibu la wageni.

---

MdadaWaNkuhungu

Wazee wangu, asanteni. Nimempigia mzee. Kacheka sana nilipomwambia shami inashikwa na dengu, akaniuliza nani kanifundisha. Kumbe kweli, mkwe wake familia yao ni ya Lucknow, upande wa mama.

Wageni ni mchanganyiko: Wahindu, Waislamu, na majirani zake wa hapa. Kwa hiyo ng'ombe nimefuta, ni mbuzi na kuku. Wasiokula nyama amesema kama 20. Galawati nimemwambia siwezi, akasema "mama, hata mimi nilikuwa nakujaribu."

Sasa nina hofu mpya. Mbuzi wa hapa ni wakavu, wamekula miiba. Mafuta ya kilo moja kwa nne nitayatoa wapi? Nilikuwa nimepanga nundu ya ng'ombe. Na kwenye kuku inakuwaje? Na hao 20?

---

BintiKondoa

Dada, kwa mafuta nenda mnadani Msalato, tafuta kondoo. Siyo kwa ajili ya nyama, kwa ajili ya mkia. Hawa kondoo wetu wa mkia mnene, ule mkia wote ni mafuta meupe, laini kuliko mafuta ya figo, hayagandi mdomoni haraka. Huku Kondoa tunakaangia nayo na kuwapa wazazi waliojifungua. Mwambie bucha wa Kiislamu akuchinjie, mkia chukua wewe, nyama muuzie yeye abaki nayo, hutapata hasara.

Mbuzi chukua dume lililohasiwa, siyo beberu. Beberu utaweka hata karafuu ya Pemba nzima, harufu itabaki pale pale.

Na mimi nauza kababu za kukaanga mwezi wa Ramadhani, nimemshukuru mzee wa Makole kwa kusema zina ukoo. Kuna mteja huwa ananiambia "hizi siyo kababu halisi" na bado kila siku yupo foleni.

---

MpishiMstaafu_Makole

BintiKondoa kanipokonya jibu mdomoni. Mafuta ya mkia wa kondoo ndiyo haswa Waafghani wanayotumia, wao kondoo wao wana matako ya mafuta, sisi wetu wana mkia. Na mchanganyiko wa mbuzi na mkia wa kondoo hauna dini ya kugombana nao, ila wale 20.

Huyo mteja wako wa Ramadhani, binti, mwongezee bei.

Kuku: tumia paja, usitumie kidari, utakula karatasi. Kuku wa kienyeji wa Singida ni mtamu lakini kwa kazi hii ana nyuzi ngumu, chukua wa kisasa. Kuna mbili. Moja ni seekh ya kuku, ile ile namna ya kukanda, ila kuku hana nguvu ya kushika kama mbuzi, ongeza kijiko kimoja kimoja cha unga wa dengu uliokaangwa. Nyingine ni vipande, siyo vya kusaga, unalaza kwenye mtindi uliochujwa, malai (krimu ya maziwa), tangawizi, thomu, pilipili nyeupe na iliki. Hii ya pili ni mishkaki yako unayoijua, imevaa nyeupe. Kwa watoto na wasiopenda pilipili inafaa sana. Hapo spoku zako zitapata kazi, maana kipande kinajishika chenyewe.

Papai, kwa kuwa ulilitaja mwanzo: kwa vipande vya mbuzi sawa, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, saa moja, basi. Kuna kababu ya Bihar, jimbo la India, wahamiaji waliipeleka Karachi, Pakistan, baada ya 1947, ni vipande virefu vyembamba vinavyokunjwa kunjwa kwenye chuma, papai na mafuta ya haradali. Nzuri kweli. Lakini ukisahau papai usiku mzima, asubuhi unakuta uji, na uji hauchomeki.

Sasa hao 20. Kwao usifanye makombo ya meza ya wenzao, maana mara nyingi hao ndio mashangazi wenye maneno. Fanya kababu za kijani: mchicha mzito au spinachi, uchemshwe kidogo na kukamuliwa mpaka ulie, njegere, viazi vilivyochemshwa jana yake vikapoa, tangawizi, pilipili mbichi, unga wa dengu uliokaangwa wa kushikia. Yai usitie. Bapa, juu yake bandika korosho moja, kaanga kwenye mafuta mapya, karai jipya, mwiko mpya, na mtu wake wa kukaanga asiyegusa nyama. Viweke meza ya peke yake. Wengine hawali hata kitunguu na thomu, hasa Wajaini, watu wa dini ya Kihindi ya Kijaini, wao viazi pia hawali, hivyo muulize mzee kama wapo. Wakiwepo, fanya za ndizi mbichi badala ya viazi, na tangawizi acha.

---

Kizota_Kwetu

Ofisini wamekubali yaishe. Mmoja tu kabaki na Waturuki wake, tumemwacha.

Dada, siku ya kuonjesha utahitaji watu wasio na upendeleo. Nipo.

---

AliyesomaHyderabad

Mzee, galawati nimesalimu amri, ile ya MC imenimaliza. Ila dada, chatne usisahau: nanaa, kotmiri, pilipili mbichi, limau, mtindi kidogo. Na vitunguu vikatwe pete nyembamba, vioshwe kwa chumvi, viminywe limau. Bila hivyo seekh inakuwa kavu hata ukiipika sawasawa. Kwa wale Wajaini tenga chatne isiyo na mtindi wa jana, wapo wanaouliza hata hilo.

---

MdadaWaNkuhungu

Nimepanga hivi: seekh za mbuzi na mkia wa kondoo, shami za mbuzi, vipande vya kuku vyeupe, na za kijani kwa meza ya peke yake. Na sinia moja la kababu zangu za kukaanga, mzee mwenyewe kaziomba, kasema majirani watazitafuta. Fundi wa kuchomelea pale karibu na nyumbani kakubali vyuma 30, kaniuliza ni vya geti gani.

Swali la mwisho mzee wangu: kilo moja inatoa ngapi, ili nijue kumpigia hesabu? Sitaki kuaibika wala kula hasara.

---

MpishiMstaafu_Makole

Seekh moja piga gramu 80 mbichi, kwa hiyo kilo, mafuta yakiwa ndani yake, ni 12 na kidogo. Hiyo kidogo ndiyo ya kuonja: kabla hujabandika hata chuma kimoja, kaanga kijipande kwenye kikaango, onja chumvi. Shami gramu 50, lakini pima baada ya kutwanga, siyo nyama mbichi, maana dengu zinaongeza. Panga seekh mbili, shami mbili kwa kila anayekula nyama, halafu ongeza sehemu moja juu ya kumi, kwa sababu wapiga picha na madereva huwa hawaandikwi kwenye karatasi.

Bei usimpigie ya kababu za kukaanga. Hesabu mkaa, vyuma, mkia, kinu, mtu wa kuzuia upepo, na vijana wawili wa kuchoma ambao hawafanyi kingine. Wape glavu nene, chuma bapa kinabeba moto mpaka kwenye mpini. Wa kwanza kuchoma aanze wageni wakishakaa, siyo kabla. Seekh iliyosubiri robo saa imeshakauka, na shami zitakuwa zimewashikilia watu hapo kati.